Maili Kumi za Pwani ni Kilomita Ngapi?

Wakaazi wengi wa Pwani wamewasikia wazee wakizungumzia "maili kumi". Huo ni ule ukanda wa ardhi unaofuata ufuo wa bahari, uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar kabla ya Kenya kupata uhuru. Jina limezoeleka, lakini swali moja ni nadra kuulizwa: hizo ni maili gani? Jibu lake linausogeza mpaka kwa zaidi ya kilomita mbili.

Maili mbili, urefu tofauti

Maili ya nchi kavu ni ile iliyotumika zamani kupimia barabara na mashamba. Ina yadi 1,760, sawa na futi 5,280 au mita 1,609.344. Wapimaji ardhi wa enzi hizo walitumia mnyororo wa futi 66, na minyororo 80 ilifanya maili moja.

Maili ya baharini ilitokana na umbo la dunia. Ni takriban umbali wa dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Mwaka wa 1929, mkutano wa kimataifa uliofanyika Monaco uliiweka kuwa mita 1,852 kamili. Ndiyo inayotumika leo katika ramani za bahari, na mwendo wa chombo unaoitwa noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa.

Maili kumi za mkataba

Katika makubaliano ya mwaka wa 1886, Uingereza na Ujerumani zilitambua kuwa Sultani anamiliki ukanda wa pwani kutoka Mto Minengani, upande wa kusini, hadi Kipini, iliyoko leo katika Kaunti ya Tana River. Upana wake ulitajwa kuwa maili kumi za baharini kuelekea bara, kuanzia alama ya maji kujaa. Kwa hivyo, ingawa kilichopimwa ni nchi kavu, kipimo kilikuwa cha baharini.

Hesabu yake ni hii:

Maili 10 za baharini: 10 × 1,852 = mita 18,520, au kilomita 18.52.
Maili 10 za nchi kavu: 10 × 1,609.344 = mita 16,093, au kilomita 16.09.
Tofauti: kilomita 2.43, mwendo wa karibu nusu saa kwa miguu.

Wakati huo Waingereza walihesabu maili ya baharini kuwa futi 6,080, ambazo ni mita 1,853.18. Kwa maili kumi, kipimo hicho kinazidi cha leo kwa mita 12 tu. Kosa kubwa, basi, hutokea mtu anapochanganya aina za maili.

Jinsi ya kubadilisha vipimo

Kwanza, soma hati uone ni maili ya aina gani. Pili, badilisha umbali uwe mita. Tatu, gawanya mita hizo kwa 1,852 upate maili za baharini.

Tuseme maandishi ya zamani yanasema mwamba uko maili 4 za nchi kavu kutoka bandarini. 4 × 1,609.344 ni mita 6,437. Ukigawanya kwa 1,852, unapata maili 3.48 za baharini. Nahodha atakayehesabu maili 4 za baharini kwenye chombo chake cha GPS atadhani mwamba uko mbele bado, kumbe uko karibu zaidi kwa takriban mita 970. Usiku, kosa hilo linaweza kuvunja mashua.

Kwa hesabu ya haraka, zidisha maili za nchi kavu kwa 0.869 kupata za baharini. Ukitaka kurudi nyuma, zidisha za baharini kwa 1.151.

Kabla ya kung'oa kigingi

Ukanda wa maili kumi uliunganishwa na Kenya kwa makubaliano yaliyotiwa saini London tarehe 8 Oktoba 1963. Hesabu hizi zinamsaidia mwananchi kuzielewa hati na ramani za zamani, lakini hazitoshi kuamua mpaka wa shamba. Penye mzozo, nenda katika afisi ya usajili wa ardhi ukiwa na hati zako, na umtumie mpimaji ardhi mwenye leseni.

Jipime

1. Maili 6 za nchi kavu ni maili ngapi za baharini?
2. Bahari ya nchi huenda maili 12 za baharini. Hizo ni kilomita ngapi?

Majibu: (1) 5.21. (2) 22.22.