Ni Nini Kinachoungua? Istilahi ya Udongo, Safaktanti na Joto

Utangulizi
Makala haya yanajadili jinsi istilahi inavyoweza kuongoza au kupotosha fikra za mwanasayansi. Mfano unaotumiwa ni ustahimilivu wa joto wa udongo uliotiwa safaktanti, yaani kemikali ya jamii ya sabuni, ili uchanganywe na plastiki.

Udongo si mmoja
Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, udongo ni ardhi nyekundu inayootesha michai. Wekundu huo hutokana na oksidi za chuma, na madini makuu ya mfinyanzi humo ni kaolini. Matabaka ya kaolini hushikana sana, hivyo maji hayapenyi baina yake kwa urahisi. Watengenezaji wa nanokompositi hupendelea montimorilonaiti, ambayo matabaka yake hufunguka.

Kazi ya safaktanti
Montimorilonaiti huvuta maji. Plastiki nyingi huyakataa. Ili vipatane, ayoni za sodiamu zilizo baina ya matabaka huondolewa, na mahali pake hutiwa safaktanti yenye kichwa cha amoniamu na mkia mrefu wa kaboni. Matabaka hutanuka na polima huingia. Watafiti wa Toyota nchini Japani walifaulu kuunda nailoni ya namna hii katika miaka ya 1980.

Tatizo la istilahi
Nailoni 6 huyeyuka kwenye nyuzi za selsiasi zipatazo 220. Safaktanti nyingi za amoniamu huanza kuvunjika karibu na nyuzi 200: mkia hukatika kutoka kwa nitrojeni. Matabaka yenyewe hudumu hadi kupita nyuzi 500. Kwa hivyo, anayesema "udongo huu haustahimili joto" amemtwika udongo kosa la mgeni wake. Hata mwanafunzi wa Kericho aliyeona tofali likitoka tanuuni likiwa gumu kuliko lilivyoingia ana haki ya kuitilia shaka kauli hiyo.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Anayeshika kauli ya kwanza atatafuta udongo mwingine. Anayeambiwa "safaktanti iliyo ndani ya udongo haistahimili joto" atabadilisha safaktanti, pengine achague ya imidazoliamu au fosfoniamu, ambazo kwa kawaida huhimili joto zaidi.

Hitimisho
Istilahi bora haitoshelezwi na ufupi wala ufasaha wa kimatamshi. Sharti ionyeshe ni kipi kinachotenda na ni kipi kinachotendwa. Hapo ndipo Kiswahili kitakapofundisha sayansi badala ya kuitaja tu.