Ujazo wa Injini na Gharama Zake: Mfano wa Ford Mustang

Mnunuzi wa gari lililotumika huuliza kwanza: "Ina cc ngapi?" Swali hilo ni la msingi, lakini jibu lake peke yake halitoshi. Katika somo hili tunaeleza ni nini ujazo wa injini unaonyesha na ni nini hauonyeshi. Tunatumia mfano wa Ford Mustang ya 2015, gari la michezo la Kimarekani la bei ya wastani. Toleo hilo lilikuwa la kwanza kutoka kiwandani likiwa na usukani wa kulia, hivyo linaweza kutumika katika barabara zetu. Takwimu za nguvu na matumizi ya mafuta zilizotajwa hapa ni za soko la Marekani.

Maana ya ujazo

Ujazo ni jumla ya nafasi ambayo pistoni zote hupitia ndani ya silinda zinapopanda na kushuka. Injini yenye ujazo mkubwa huvuta hewa nyingi zaidi kwa kila mzunguko, nayo hewa nyingi huwezesha mafuta mengi kuungua. Hata hivyo, hewa inaweza pia kuongezwa kwa turbo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini na kuisukuma hewa kwa shinikizo ndani ya silinda.

Kwa sababu hiyo, Mustang ya 2015 yenye silinda nne, lita 2.3 na turbo ilitoa nguvu farasi 310. Ile ya silinda sita, lita 3.7, isiyo na turbo ilitoa 300. Ile ya silinda nane, lita 5.0, ilitoa 435. Injini ndogo iliishinda ya kati, lakini haikuifikia kubwa. Mvutano huu si mpya: mwaka 1984 Mustang SVO ya lita 2.3 yenye turbo ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 175, sawa na Mustang GT ya lita 5.0 ya mwaka huohuo.

Matumizi ya mafuta

Kwa vipimo rasmi vya Marekani vya mwendo wa mjini na barabara kuu kwa pamoja, injini ya lita 2.3 hutumia takriban lita 9.4 kwa kilometa 100, na ya lita 5.0 takriban lita 12.4. Kwa anayesafiri kilometa 12,000 kwa mwaka, tofauti ni lita 360. Mnunuzi azidishe kiasi hicho kwa bei ya petroli ya siku hiyo.

Nafuu hiyo hupatikana pale dereva anapoendesha kwa utulivu. Akikanyaga sana, turbo huongeza hewa, kompyuta huongeza mafuta, na sehemu kubwa ya nafuu hutoweka.

Tahadhari kuhusu oktani

Nguvu farasi 310 zilipimwa kwa petroli ya oktani 93 ya Marekani. Namba inayoandikwa kwenye pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili, RON na MON, ilhali nchini kwetu hutumika RON. Oktani 93 ya Marekani hukaribia RON 97 au 98. Mnunuzi asidhani kwamba namba zikifanana, mafuta nayo yanafanana. Petroli ya oktani ndogo ikitumika, kompyuta huchelewesha cheche ili injini isigonge, na nguvu hupungua.

Ushuru na matunzo

Nchini Tanzania ushuru wa bidhaa kwa magari hupangwa kwa ujazo, na daraja la juu limekuwa likianzia pale cc zinapozidi 2,000. Kwa mpangilio huo, injini ya lita 2.3 huwa katika daraja moja na ya lita 5.0. Viwango hubadilika, hivyo vithibitishwe kwa Mamlaka ya Mapato kabla ya kuagiza.

Turbo hufanya kazi katika joto kali na hutegemea oili safi. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, turbo huweza kufa mapema, na kuibadilisha ni gharama kubwa. Injini ya lita 5.0 ya mwaka huo haina turbo, lakini ina silinda nane, hivyo plagi zake ni nane na oili yake ni nyingi zaidi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ajiulize:

1. Je, kitabu cha gari kinataja RON ipi, na inapatikana ninapoishi?
2. Je, kumbukumbu za kubadilisha oili zipo na zimekamilika?
3. Je, fundi ninayemtegemea ana kifaa cha kusoma kompyuta ya gari hili?
4. Je, nimekokotoa ushuru, bima na mafuta ya mwaka mzima pamoja na bei ya gari?

Iwapo swali mojawapo halina jibu, tunashauri malipo yasubiri.