Fundisho: Moyo wa Mwuguzi na Wale Afanyao Kazi Nao

Mwezi huu twataka kutazama jambo moja: ni nini kimtiacho mwuguzi moyo katika kazi yake, na ni nini kimvunjacho? Hapa Ilongero watu hutoka vijiji vya mbali kuja kutibiwa, na mara nyingi wa kwanza kuwapokea ni mwuguzi. Akisema nao kwa upole, twamsifu. Akiwajibu kwa ukali, twasema hana upendo. Lakini ni mara chache tuulizapo yeye mwenyewe ametendewaje tangu asubuhi.

1. Neno la mkubwa wake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 uliwauliza watumishi wa zahanati na vituo vya afya mkoani Kilimanjaro habari za kazi yao. Walisema kwamba waipenda kazi hiyo, na kwamba kumwona mgonjwa akipona huwapa furaha. Lililowavunja moyo ni uchache wa watu, kukosa wenzi wa kushauriana nao, na msimamizi asiyesema neno jema. Yeye ajaye kutafuta makosa tu huondoka na makosa, na moyo wa mtumishi huondoka pamoja naye.

2. Kutakiwa bila kupewa. Mwaka 2004 serikali yetu iliweka utaratibu ambao kila mtumishi alipatana na mkubwa wake juu ya malengo ya mwaka, kisha akapimwa. Nia ilikuwa njema. Lakini uchunguzi uliofanywa vijijini, ukachapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba wengi walijaza karatasi wasipate jibu, wala vifaa vya kuyafikia malengo yale. Atakaye mtama mwingi na ampe mkulima jembe.

3. Haki. Hapa kanisa lisiinyoshee serikali kidole. Uchunguzi mwingine wa mwaka ule ulionyesha kwamba watumishi wengi walipendelea ajira ya serikali kuliko ile ya hospitali za kanisa, hasa kwa sababu ya pensheni yake iliyo bora. Je, hao walipungukiwa na imani? Hasha! Wana watoto wa kusomesha na uzee wa kuutazamia. Kuusifu wito wa mtu na kuisahau haki yake ni kumtwika mzigo mara mbili.

4. Sisi wenyewe. Mwuguzi mmoja akiwa na wodi nzima usiku, nasi tukamgombeza kwa kuchelewa, tumemhesabia deni lisilo lake.

Someni Kutoka 18. Yethro alipomwona Musa akiwahukumu watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, hakumwambia avumilie tu. Alimshauri atafute wasaidizi, mzigo ugawanywe. Hiyo ndiyo njia ya kumtia mtu moyo: kuiona taabu yake, kisha kuipunguza.

Maswali ya kuzungumza, nanyi makatekista mwaongoze watu:
Ni lini mara ya mwisho usharika wetu ulipomshukuru mwuguzi?
Twamtaka atupe nini asichopewa yeye?
Walioajiriwa na usharika, yaani mwalimu, mlinzi na mpishi, je, wao twawatendeaje?