Njia ya Gari Kuingia Nyumbani: Tuweke Nini Juu Yake?

Somo letu la leo ni juu ya njia. Hatusemi barabara kuu, hiyo ina wenyewe. Tunasema ile njia fupi inayotoka barabarani, ikapita migombani mpaka mlangoni. Zamani walipita watu na ng'ombe tu. Siku hizi inapita bodaboda, inapita pikapu ya mbolea, na siku ya shida gari la mgonjwa nalo linataka kupita.

Sisi tunaokaa kwenye miteremko ya Mlima Meru tunaijua shida yake. Meru ni volkano. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Udongo wetu umetokana na majivu na mawe ya mlima huu. Unastawisha kahawa na ndizi, lakini haupendi magurudumu. Kiangazi ni vumbi laini kama unga. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, ni utelezi mtupu.

Masika moja jirani yetu alishikwa na uchungu usiku. Gari lilikuja, likakwama hatua arobaini kutoka mlangoni. Tulimbeba juu ya kitanda mpaka barabarani. Mtoto alizaliwa salama, tunashukuru. Lakini siku ile tukasema: njia hii lazima itengenezwe.

Basi tukachanga, tukanunua saruji, tukamwaga zege njia nzima. Ilipendeza kweli! Watu walisimama kuitazama. Mvua kubwa ya kwanza ikanyesha. Asubuhi mama mmoja mzee, anayekaa chini yetu, akatuma mjukuu kutuita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Ingieni jikoni muone. Ninyi mmejitengenezea barabara, mimi mmeniletea mto."

Jiko lilikuwa limejaa tope. Mahindi yamelowa, vifaranga wamekufa. Hatukuwa na la kujibu.

Kosa letu lilikuwa wapi? Tulichagua kwa macho, hatukuuliza maji yatakwenda wapi. Udongo wenye majani hunywa maji. Zege hainywi. Tupige hesabu. Njia yetu ina urefu wa mita 20 na upana wa mita 3. Hiyo ni mita za mraba 60. Ikinyesha mvua ya milimita 30, kila mita ya mraba inapokea lita 30. Mara 60, ni lita 1,800. Pipa moja ni lita 200. Kwa hiyo ni mapipa 9 ya maji, na yote yalishuka kwa yule mama.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mtaro, hata kabla ya kununua mfuko mmoja. Chimba mtaro upande wa juu wa njia, uyapokee maji kabla hayajaingia njiani. Katikati ya njia painuke kidogo kama mgongo, maji yaangukie pembeni. Kisha yaongoze kwenye mashimo ya migomba yako mwenyewe. Usiyapeleke kwa jirani, wala usiyaingize kwenye mfereji wa kumwagilia bila kuwauliza wazee wa mfereji, maana yanabeba mchanga na oili. Na pale njia yako inapokutana na barabara, usizibe mtaro wa barabara kwa udongo. Weka kalavati. Uliza kwanza ofisi ya kijiji au mtaa. Barabara za vijijini na mijini zipo chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na mtaro wake si mali yetu.

Kazi ya pili ni kupima mteremko. Fundi ana vifaa vyake, lakini mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani unatosha. Ujaze maji. Maji ya ncha mbili hukaa kimo kimoja siku zote. Simama sehemu mbili zilizoachana mita 10. Ncha ya juu maji yawe usawa wa ardhi. Ncha ya chini pima kutoka ardhini mpaka yalipo maji. Ukipata nusu mita au pungufu, mteremko ni mdogo. Ukipata mita moja au zaidi, huo ni mkali.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe.

Penye mteremko mdogo, moramu inafaa na ni rahisi. Ila moramu si zote sawa. Nyingi ya kwetu ni vijiwe vyekundu au vyeusi, vyepesi, vyenye vitundu kama mkate. Gari likivikanyaga sana vinasagika. Jaribu hivi: lowesha kidogo, finyanga donge, liache likauke. Likivunjika lenyewe, haina udongo wa kuishika. Likinata mikononi kama ugali wa moto, udongo umezidi na njia itateleza. Tandaza, mwagia maji kidogo, shindilia mpaka kina kibaki sentimita 15. Kwa njia kama yetu ni mita za ujazo 9 zikishashindiliwa, kwa hiyo agiza 12 hivi. Na kila baada ya masika utaongeza. Kokoto tupu hazina vumbi, lakini mlimani zinaporomoka zikaishie barabarani.

Mteremko mkali unataka mawe au zege. Mawe tunayo. Chagua meusi mazito, si yale ya vitundu. Yagonganishe: gumu hulia kama chuma. Anza kwa kupanga makubwa kingoni yashike mengine, kisha panga ya katikati juu ya mchanga, bapa juu, na nafasi uzizibe kwa vijiwe. Kazi yake ni ngumu, mgongo utauma. Lakini maji hupenya kidogo, na jiwe likizama unalitoa unalipanga upya. Huko Ethiopia miji mingi ina mitaa ya mawe ya namna hii, na huko nako wana mawe ya volkano.

Ukitaka zege, usimwage njia nzima kama sisi. Gari linakanyaga sehemu mbili tu. Mwaga mikanda miwili, kila mmoja sentimita 60, katikati acha 90 za majani. Unene sentimita 10, na kila baada ya mita 2 weka mwanya ili isipasuke ovyo. Mchanganyiko ni karai moja la saruji, mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Kwa mita 20 mikanda itakula mifuko 16 hivi ya kilo 50. Njia nzima ilikula 39! Juu ichore kwa fagio gumu magurudumu yasiteleze. Ifunike kwa magunia, uimwagie maji siku 7.

Tofali za pevingi ni nzuri kama kingo zimefungwa, ila bei yake ni ya mjini. Lami tuiache, inataka mitambo.

Sisi tulichukua nyundo tukavunja zege ya katikati. Vipande tulijengea mtaro, katikati tukapanda ukoka. Mahindi ya mama tulilipa debe mbili, na vifaranga sita. Masika yaliyofuata tulishuka usiku na tochi kuangalia jiko lake. Lilikuwa kavu. Alituuliza tunatafuta nini usiku huo.

Maswali ya kujadili kikundini:

Njia yako ina mita ngapi za mraba, na mvua ya milimita 30 italeta mapipa mangapi?

Maji ya njia yako sasa hivi yanaishia kwa nani?

Kijijini kwenu moramu inachimbwa wapi, na donge lake likikauka linakuwaje?