Maswali na Majibu: Ajali ya Ndege ya Kijeshi C-5A, Saigon, 1975

Swali la 1. Ndege hiyo ilibeba nani, na kwa nini?

Ilibeba watu zaidi ya 300, wengi wao watoto wa vituo vya yatima. Majeshi ya Vietnam Kaskazini yalikuwa yakiukaribia mji wa Saigon, na tarehe 3 Aprili Rais Gerald Ford wa Marekani alitangaza Operesheni Babylift ya kuwahamisha watoto hao. C-5A iliruka kesho yake kutoka uwanja wa Tan Son Nhut.

Swali la 2. Hitilafu ilianzia wapi?

Mlangoni. Dakika 12 hivi baada ya kuruka, ikiwa futi 23,000, komeo za mlango wa nyuma wa shehena ziliachia. Hewa iliyoshindiliwa ndani ikafumuka, mlango ukang'oka, nyaya za kuongozea mkia zikakatika. Mifumo miwili ya haidroliki kati ya minne ikafa. Wengi walidhani ni hujuma, lakini wachunguzi walibaini matengenezo mabovu ya komeo.

Swali la 3. Marubani waliirudishaje ndege isiyotii mkia? (Swali hili hubeba alama nyingi, lielewe, usilikariri.)

Kapteni Dennis Traynor na msaidizi wake, Tilford Harp, walitumia nguvu za injini. Ndege ikiongeza kasi, mabawa huinua zaidi na pua hupanda. Kasi ikipungua, pua huinama. Kugeuka walitegemea kibawa cha kugeuzia cha upande mmoja. Ugumu ulikuwa hapa: kutua kunataka mwendo mdogo, nao wakipunguza mwendo, pua inazama. Ikabidi watue kwa kasi ya kilomita 500 hivi kwa saa. Uwanja hawakuufikia. Ndege iligusa mashamba ya mpunga, ikaruka tena, ikavuka Mto Saigon, ikagonga tuta na kukatika vipande.

Swali la 4. Kwa nini waliokaa sitaha ya chini ya ndege ndio walioangamia zaidi?

Sitaha ya chini ndiyo iliyosaga ardhi. Walikufa watu 138, wakiwemo watoto 78.

Swali la 5. "Kutua vibaya ndiko kulikoua." Jadili.

Ikatae kauli hii. Ajali ilianzia kwenye komeo, angani. Bila kazi ya wale marubani, hata wale watu 176 walionusurika wasingepona. Wote wawili walitunukiwa nishani ya Air Force Cross.