Kwa Nini Bei za Intaneti Hazilingani

Ndugu Wanachama,

Swali linaloletwa ofisini mara kwa mara ni hili: kwa nini vifurushi vya intaneti havina bei moja? Mtu huona bei fulani katika simu yake, na jirani yake mwenye laini ya kampuni ile ile akaonyeshwa nyingine. Na mwenye mtoto Maskati husikia kuwa huko ni nyingine kabisa. Wengi husema ni dhuluma tupu. Baadhi yake si dhuluma, na yafaa tujue ni ipi.

Kwanza ni njia. Kabla ya 2009 pwani yetu ilitegemea satelaiti, ambayo hupitisha kidogo kwa gharama kubwa. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam na Mombasa, na EASSy ukafuata 2010. Wenzetu wa kisiwa cha St Helena, katika bahari ya Atlantiki, watu wapatao 4,000 tu, walikaa na satelaiti mpaka Oktoba 2023, ndipo walipoungwa na mkongo wa Equiano. Gharama kubwa, walipaji wachache. Bei yao ilikuwa miongoni mwa zile za juu mno duniani.

Mnara nao ni hivyo hivyo. Wa mjini hulipiwa na maelfu ya watu, wa shamba na wachache, na usipokuwa na umeme wa waya hutaka jenereta na dizeli. (Pemba yenyewe ilikuwa ya majenereta mpaka 2010, ulipoletwa umeme kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari.) Halafu kuna ushindani: India, 2016, kampuni ya Jio ilianza kwa kutoa intaneti bure, na nyingine zikalazimika kushusha bei.

Sasa vifaa. Simu ya 4G hupitisha mzigo mkubwa zaidi katika masafa yale yale kuliko ya 3G, kwa hiyo kampuni huweza kumpunguzia bei mwenye nayo. Sababu hiyo ni ya haki. Lakini kifurushi cha ruta kikikataa kufanya kazi katika simu, hapo hakuna gharama iliyozidi. Kila kifaa kina namba yake, kampuni huisoma, nayo hukisia mwenyewe atatumia kiasi gani na atakubali kulipa ngapi. Ndivyo pia jirani anavyopata ofa usiyoiona wewe. Hapa mwenye kulalamika nadhani ana haki.

Basi tusinunue kwa jina la kifurushi. Gawa bei kwa idadi ya MB. Tuseme shilingi 1,000 kwa MB 500: kila MB ni shilingi 2. Shilingi 10,000 kwa MB 8,000 ni shilingi 1 na robo. Mwenye kununua kwa kibaba kila siku hulipa zaidi ya mwenye kununua kwa pishi. Ila cha mwezi kikimaliza muda hali umetumia MB 4,000 tu, kila moja imekugharimu shilingi 2 na nusu, na cha siku kingalikufaa zaidi.

Katibu