Neno Ulipendalo, Liandike kwa Mkono Wako



Leo natoa kazi kabla ya somo. Chukueni karatasi mbili, mume akae huku na mke kule, na kila mmoja aandike maneno kumi anayoyapenda. Sisemi majina ya watu mnaowapenda. Nasema maneno yenyewe: neno ambalo ukilisikia unafurahi, ukilitamka linakaa vizuri mdomoni, na ukiliandika mkono hautaki kuliacha. Liwe la Kiswahili, liwe la Ekegusii, liwe hata la Kiingereza kama umelizoea. Msionyeshane mpaka wote wawili mmemaliza.

Mtu atauliza, kazi hii ina faida gani kwa watu wazima wenye karo za kulipa na majani chai ya kuchuma? Ngoja kwanza.

Nimewapa kazi hii wanandoa wa jumuiya kadhaa ndogo ndogo za Kikristu, huku Nyamira na upande wa Kisii. Mwanzoni watu hucheka. Baadaye kunakuwa kimya, unasikia kalamu tu. Mama mmoja aliandika "embura", yaani mvua, kisha akaliandika tena pembeni kwa herufi kubwa na kulizungushia duara. Alisema neno hilo linafunga midomo na kuifungua, kama mtu anayekunywa maji. Mzee mmoja aliandika "amabere", maziwa, akasema tangu utotoni hajapata neno lililo jeupe kuliko hilo. Baba mwingine neno lake la kwanza lilikuwa "bonasi". Tulicheka sana, maana wakulima wa majani chai wote walimwelewa.

Lakini kulikuwa na mume mmoja, mlinzi wa usiku mjini Kisii. Aliandika ng'ombe, Jumapili, mahindi mabichi, omorero (yaani moto wa jikoni), na mengine. La sita lilikuwa "usingizi". La kumi lilikuwa "usingizi" tena, na safari hii kalamu ilikandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Mke wake kwa muda mrefu alikuwa na uchungu moyoni. Mumewe akirudi asubuhi hana neno naye, anaingia ndani na kujifunika blanketi. Mama alikuwa amekwisha kuanza kufikiri kwamba huko mjini kuna nyumba nyingine. Aliliangalia lile neno lililoandikwa mara mbili, akauliza polepole, "Baba watoto, umechoka kiasi hicho?" Mume akajibu kwamba tangu mwezi wa pili anafanya zamu mbili, yake na ya mwenzake, ili amalize karo ya kifungua mimba. Hakutaka kumwambia asije akaacha kula vizuri kwa ajili ya kuweka akiba. Walikuwa wameishi miezi saba katika nyumba moja bila jambo hilo kusemwa.

Mbona mkono ulisema kitu ambacho mdomo ulikificha? Mimi naona sababu ni kwamba mdomo una haraka. Tukizungumza, kila mmoja anautazama uso wa mwenzake na kugeuza maneno njiani. Akiona mke amekunja uso, mume anarudi nyuma. Karatasi haikunji uso. Tena kuandika kwa mkono ni kazi ya polepole. Neno "samahani" lina herufi nane, na kabla hujafika herufi ya nane umekwisha kujua kama unalimaanisha ama humaanishi. Katika simu unabonyeza mara mbili na simu yenyewe inakumalizia neno.

Tena herufi za simu hazina mwenyewe. "Nakupenda" ya mumeo na "nakupenda" ya mtu asiyekujua zinafanana kama mbegu za wimbi. Mkono haufanyi hivyo. Mke anajua jinsi mumewe anavyopinda mkia wa herufi "g", na kama aliandika akiwa na hasira anaiona hasira hiyo ndani ya mistari. Ni kama wachongaji wa Tabaka: onyesha mmoja wao kinyago cha mawe, naye ataweza kukuambia ni mkono wa nani uliokichonga.

Wazee wetu waliyajua haya. Wanaume wengi wa kwetu walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya majani chai Kericho, wengine Nairobi na Mombasa, na wake zao wakabaki nyumbani wakilima. Kiungo cha ndoa kilikuwa barua. Ilifika sanduku la posta la shule au la kanisa, na mara nyingi ilipita mikono mitano kabla ya kufika kwa mwenyewe. Ilianza kwa maneno ambayo wengi wenu bado mnayakumbuka: salamu nyingi sana, mimi huku ni mzima, hofu ni kwako wewe. Vijana huyacheka maneno hayo eti yalikuwa ya kukariri. Mimi siyacheki. "Hofu ni kwako" ni neno zito. Mtu aliye mbali anasema kwamba juu yake mwenyewe hana wasiwasi, wasiwasi wake wote umehamia kwako. Sijui ni ujumbe gani wa simu wa leo unaosema hivyo kwa maneno matatu.

Lakini barua hizo zilikuwa na shida moja. Mama wengi hawakujua kusoma, basi aliyesoma alikuwa mtoto aliyefika darasa la nne au la tano. Nanyi mnaijua chinsoni yetu Abagusii, ile haya ya heshima kati ya wazazi na watoto. Baba atamwandikiaje mkewe neno la mapenzi, na msomaji ni mwanawe wa kiume? Haiwezekani. Kwa hiyo barua ilisema juu ya ng'ombe, juu ya mpaka wa shamba, juu ya migomba iliyoangushwa na mvua ya mawe. Mama alipaswa kulitafuta penzi lake humo ndani. Mama mmoja mzee aliniambia kwamba mumewe alizoea kumaliza barua kwa kuuliza, "Je, ule mti wa karibu na mlango bado uko?" Watoto walidhani baba anapenda miti. Wao wawili peke yao walijua walichoambiana chini ya mti ule. Huyo mama aliingia masomo ya ngumbaru wakati Serikali ilipoanzisha kampeni ya kisomo mwaka 1979. Nia yake haikuwa Biblia wala gazeti. Alitaka kusoma barua za mumewe bila mtu wa katikati. Anasema neno la kwanza aliloandika mwenyewe na kumtumia lilikuwa "oko", kumjibu juu ya mti. Herufi tatu tu!

Jambo jingine. Siku hizo pesa na maneno vilisafiri pamoja. Mume akituma noti kwa mtu anayerudi nyumbani, huikunja ndani ya barua. Haikuwa adabu kutuma pesa mtupu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa zinafika peke yake kwa nukta moja. Sikatai, ni msaada mkubwa. Mtoto akiugua usiku hatungoji basi la asubuhi. Lakini ziko ndoa ambazo sasa zina pesa tu, na maneno yamebaki njiani. Fungua simu yako usome ulichomwandikia mwenzi wako mwezi huu wote. Kama ni "tuma 500" na "imefika", basi somo hili linakuhusu.

Maandiko Matakatifu nayo yanajua habari ya kalamu nyumbani. Katika kitabu cha Tobiti, sura ya 7, Ragueli anapomwoza Tobia binti yake Sara, anamwita mkewe Edna alete karatasi, na hapo mkataba wa ndoa unaandikwa. Baba anaandika, lakini karatasi inatoka mkononi mwa mama. Na Zakaria, katika Luka sura ya 1, alikuwa bubu kwa miezi. Siku ya kumpa mtoto jina aliomba kibao na kuandika, na jina aliloandika lilikuwa lile lile ambalo mkewe Elizabeti alikuwa amekwisha kulisema mbele ya watu wote waliompinga. Naye Mtakatifu Paulo alikuwa na mwandishi wa kumsaidia, lakini mwishoni mwa baadhi ya nyaraka zake alishika kalamu mwenyewe, na Wagalatia aliwaonyesha ukubwa wa herufi zake. Alitaka wauone mkono.

Hata ndugu zetu Waislamu wa pwani wana mfano wake. Mwana Kupona binti Mshamu, karibu mwaka 1858, alikuwa mgonjwa alipotunga utendi wa kumwusia binti yake juu ya maisha ya ndoa. Mwanzoni anamwambia binti alete wino na karatasi. Si kila usia wake utatufaa sisi leo, lakini hilo la kwanza latufaa.

Na katika Kanisa letu, Padre Gabriel Calvo wa Hispania alianza mwaka 1962 huko Barcelona mikutano ya wanandoa ambayo baadaye ilienea duniani kwa jina la Marriage Encounter. Njia yao ni rahisi hata inashangaza. Kila siku mume na mke wanaandika kwa dakika 10, kila mmoja peke yake, juu ya swali moja na hasa juu ya anavyojisikia moyoni. Kisha wanabadilishana madaftari, wanasoma mara mbili, na kuzungumza dakika 10 nyingine. Mara ya kwanza wanasoma kwa akili, mara ya pili kwa moyo. Mimi naona dakika 20 kila siku ni nyingi kwa mkulima aliyeamka saa kumi na moja alfajiri. Anzeni na Jumapili jioni.

Sasa nina neno kwa waume, na wake wenye masomo nao wasikilize. Usimsahihishe mwenzi wako. Nimeona daftari la wanandoa ambamo mume alikuwa amepitia barua ya mke kwa kalamu nyekundu kama mwalimu wa darasa la sita, akaandika "rudia" pembeni. Mama hakuandika tena mwaka mzima. Mke akiandika "kurara" badala ya "kulala", hiyo ni lugha ya kwetu imekaa ndani ya Kiswahili, iache ikae. Ekegusii chenyewe kina irabu saba na tunakiandika kwa herufi tano tu, kwa hiyo kila anayekiandika huacha kitu nje ya karatasi, hata profesa. Kuna mtoto aliyeandika katika insha kwamba "baba alinizaa na kuninyonyesha", mwalimu wake mgeni akashangaa. Kwetu "baba" ni mama, na baba ni "tata". Mwenzi wako ndiye mtu wa kukuelewa bila kamusi.

Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alisisitiza maneno matatu kwa kila nyumba: la kuomba ruhusa, la kushukuru na la kuomba msamaha. Yaandikeni. La kushukuru nalipenda zaidi kwa lugha yetu, "mbuya mono". Lijaribu kwa kalamu, "m" zile zinakwenda kama mtu anayepanda kilima na kushuka, na kwa sisi watu wa vilima mkono unaijua njia. Msamaha ni mgumu zaidi. Baba mmoja alishindwa kuusema kwa mdomo baada ya kuuza ndama bila mkewe kujua. Aliandika "samahani" kwenye kipande cha gazeti, akakiweka ndani ya kibuyu cha unga. Mama alikikuta alipokwenda kupika obokima. Hakusema kitu, lakini jioni hiyo nyama ilikuwa upande wa mume. Juu ya ndama walizungumza baada ya siku tatu, na walizungumza kwa makali, kwa sababu pesa zilikuwa zimekwisha. Karatasi haikurudisha ndama. Iliwafungulia tu mlango wa kuingia kwenye mazungumzo.

Kwa wale wa majani chai: kabla bonasi haijaingia, ambayo kwa kawaida huja karibu na mwezi wa kumi, kila mmoja aandike peke yake mambo matatu anayotaka pesa zifanye, kisha mlinganishe. Msingoje mpaka zifike. Zikiisha kufika, hakuna anayesoma.

Kuhusu daftari lenyewe: lile la kurasa 48 latosha. Msiandike nyuma ya daftari la mtoto, maana atalipeleka shuleni. Liwekeni chini ya godoro au katika sanduku lenye cheti cha ndoa, na mkubaliane kwamba mtu haonyeshi wengine kilichoandikwa, awe ni mama mkwe au rafiki wa sokoni. Kalamu iwe nzuri, isiyotoa wino kwa kukohoa. Wasiojua kuandika wachore. Yuko mzee aliyemchorea mkewe kuku na vifaranga sita, naye mama alielewa vizuri sana, akamjibu kwa kuongeza kifaranga cha saba.

Jumapili ijayo, maneno yenu kumi.